Siku Majembe Yalipowekwa Chini

Nilipomaliza kidato cha nne nilirudi nyumbani Kirua Vunjo na matokeo yasiyonipeleka popote, ila nilibaki na jiografia. Somo hilo lilinikaa. Nilijua kwamba udongo wetu ulitapikwa na mlima, nilijua kwa nini upande wetu unapata mvua kuliko Rombo, na nilijua, au nilidhani najua, jinsi kila balaa la kwenye Biblia lilivyotokea. Mwalimu wetu wa jiografia, mtu mlevi na mwenye akili, alikuwa akitugawia mambo hayo mwisho wa kipindi kama mtu anayerushia kuku mahindi. Bahari ya Shamu ilikuwa upepo wa mashariki juu ya maji mafupi. Sodoma ilikuwa gesi na lami chini ya ardhi, kisha cheche. Mto wa Misri haukugeuka damu bali tope jekundu, samaki wakafa, vyura wakakimbia maji mabovu, nzi wakafuata mizoga ya vyura. Niliyabeba yote hadi kijijini na sikuwa na pa kuyaweka isipokuwa kwenye jumuiya ya kanisa.

Jumuiya yetu ilikutana kila Alhamisi jioni, nyumba kwa nyumba. Katekista alikuwa mzee mwembamba mwenye ng'ombe mmoja wa maziwa na koti moja la suti. Alisoma sura, akafunga kitabu kwa kidole ndani, akauliza nani ana neno. Mimi nilikuwa nalo kila wiki.

"Ni upepo tu, katekista," nilisema siku ya Bahari ya Shamu. "Ukivuma usiku kucha, maji mafupi yanasogea. Hata ziwani hutokea."

"Na Farao na magari yake wakazama kwenye hayo maji mafupi?"

Watu walicheka.

"Upepo uliacha kuvuma, maji yakarudi."

"Uliacha saa ileile Waisraeli walipomaliza kuvuka. Huo upepo ulivaa saa ya mkononi, Profesa?"

Walicheka zaidi, na jina la Profesa likanishika tangu siku hiyo. Mama yangu alitazama sakafu. Aliyenitetea alikuwa jirani yetu wa chini, mjane wa miaka thelathini na kitu, mwenye binti mmoja wa darasa la tatu. "Mwacheni aseme," alisema huku akimsuka binti yake. "Mungu akitumia upepo, kwani amepungukiwa nini?" Katekista akaanzisha wimbo.

Ile ilikuwa miaka ambayo kahawa ilikuwa imekufa bei. Wanunuzi wapya walikuja na magari yao na mizani yao, watu wakaanza kung'oa mibuni na kupanda nyanya, na vijana wa rika langu walikuwa Mererani, au Arusha, au wanauza mitumba. Waliobaki walikuwa wazee na wanywaji. Wazee wa mfongo, yaani ule mfereji wa asili uliochimbwa na mababu kuteremsha maji kutoka mtoni hadi vihambani, kwenye mashamba ya ukoo yanayozunguka nyumba, waliona nina mwandiko mzuri wakanipa daftari la zamu. Niliandika nani anapata maji siku gani, na nani ana wajibu wa kufungua na kufunga mdomo.

Mdomo ulikuwa juu kabisa, pale mfongo unapoachana na mto. Mvua za masika zikianza ulipaswa kufungwa, la sivyo mafuriko ya mto yangeingia mferejini na kumwagika juu ya vihamba. Ulifungwa kwa mawe madogo, vigogo vya migomba na mabonge ya majani, na mwisho kabisa jiwe moja bapa ambalo wanaume wawili walilisukuma pamoja. Ndiyo maana zamu iliandikwa kwa watu wawili. Na palikuwa na mwiko mmoja: mwanamke hafiki mdomoni. Anaweza kuchota maji popote chini, kufua, kunywesha mbuzi, lakini akikanyaga pale juu mfongo unaharibika. Hakuna aliyewahi kuniambia unaharibika vipi, na mimi, mwenye maelezo ya kila kitu, sikuwahi kuuliza.

Mwaka wa zile mvua ambazo redio iliziita Elinino, wiki ile zamu ilikuwa yangu na ya shemeji. Namwita shemeji kwa sababu ndivyo mjane alivyomwita. Alikuwa mdogo wa marehemu mume wake, mwenye kihamba kilichopakana na chake.

Mvua ilianza Jumatano. Ijumaa asubuhi nilipita kwa shemeji nikiwa nimekunja suruali.

"Nateremka Moshi mara moja," nilimwambia. "Nikirudi tutafunga."

"Hata kesho," alisema. "Mvua hii inapiga kelele tu."

Nilikuwa nafuata viatu vya mtumba, na msichana wa mtaa wa Soweto aliyeniambia atakuwa sokoni. Viatu nilipata. Msichana nilimpata pia, kwa bahati mbaya, nikalala mjini.

Mambo ya Ijumaa ile niliyasikia baadaye kutoka kwa watu wengi, na yote yalilingana. Saa nane mchana mjane aliona mfongo uliopita juu ya nyumba yake umeanza kufurika. Alimwacha binti jikoni aangalie moto na chungu cha ndizi, akaenda moja kwa moja kwenye kilabu cha mbege, pombe ya ndizi, akasimama mlangoni kwa kuwa hakutaka kuingia.

"Shemeji, maji yamejaa. Nendeni mkafunge."

Shemeji alikuwa na kibuyu mkononi. "Rudi ukaivishe ndizi," alimjibu. "Mfongo una wenyewe."

Wanaume walicheka. Mmoja aliongeza kwamba mjane akitaka kazi za kiume atafute kwanza mume. Aliondoka, na hakurudi nyumbani. Alichukua jembe akapanda peke yake hadi mdomoni, mwendo wa karibu saa nzima kwenye utelezi. Alipanga mawe madogo, akakata vigogo vya migomba, akavikandamiza na majani. Jiwe bapa alilisukuma mpaka mabega yakachubuka. Halikusogea. Saa kumi hivi alisikia mlio chini yake, kama lori linalomwaga kokoto, na aliposhuka alikuta ukingo wote wa juu ya nyumba yake umeteremka. Nyumba kubwa ilisimama na ukuta mmoja. Jiko halikuonekana kabisa.

Angebaki nyumbani angekufa pamoja na binti yake. Watu waliligeuza jambo hilo upande wa pili, kama nitakavyoeleza.

Nilifika Jumamosi saa nne asubuhi na viatu vyangu ndani ya mfuko. Wanaume wapatao ishirini walikuwa wanachimba, na shemeji alikuwa miongoni mwao, macho mekundu, anachimba kuliko wote. Nilivua shati nikaingia. Nasema hili kwa sababu ni kweli: Jumamosi nilichimba mpaka giza. Tulitafuta paa la jiko, tukapata bati moja, kisha chungu, kizima, na ndizi ndani.

Mjane alichimba pamoja nasi. Mzee mmoja alimuuliza, tena kwa upole, yeye alikuwa wapi ukingo uliposhuka. Hakufikiria. Alisema, "Nilikuwa mdomoni, nafunga." Majembe hayakusimama, lakini niliona watu wakitazamana juu ya mipini.

Jumapili asubuhi tuliendelea, wengine wakaenda ibadani. Padri hakuweza kupanda kwa sababu ya barabara, kwa hiyo katekista ndiye aliyeongoza. Saa sita alikuja na waumini wote nyuma yake, koti lake la suti limelowa, akasimama ukingoni mwa shimo. Alikuwa analia. Sijawahi kufikiri kwamba yule mzee alikuwa mnafiki. Alisema Neno lililomjia usiku ni la Kora, mtu aliyeshika chetezo na kuisogelea kazi takatifu ambayo hakupewa, na ardhi ikafunua kinywa chake ikammeza na nyumba yake, kisha ikajifunga juu yao. Alisema ametafuta namna nyingine ya kulielewa na hakuipata.

Wazee wa mfongo hawakuwa watu wa kanisani sana, lakini hilo walilielewa mara moja. Mwiko wao na Kora wa katekista vilikutana pale ukingoni vikapeana mikono.

"Na kama Mungu ameifunga ardhi," alisema mkubwa wao, "sisi ni nani tuifungue kwa jembe?"

Jembe la kwanza likawekwa chini. Wengine wakafuata, na nilisikia pumzi zao. Tulikuwa tumechoka, ukingo ulikuwa bado unadondosha mabonge, kila mtu aliogopa uteremke tena. Hofu hiyo ilikuwa halali. Ila hakuna aliyesema "naogopa". Walikuwa wamepewa sababu nzuri kuliko hofu.

Mjane alikuwa amekaa kwenye tope, miguu ndani ya shimo. "Sawa," alisema. "Nimekosa mimi. Mungu amemaliza kazi yake, amenipiga. Sasa naombeni mtoto wangu nimzike kihambani."

"Ameshazikwa, mae," alisema mkubwa wa wazee. "Amezikwa na mwenye kuzika."

Ndipo aliponigeukia. Nilikuwa ndani ya shimo bado, udongo ukinifika kiunoni.

"Profesa," aliniita, na mara hii hapakuwa na mzaha. "Wewe waambie. Bahari uliipasua kwa upepo, Sodoma ukaichoma kwa gesi. Huu ni udongo na maji tu. Waambie ni maji. Waambie mdomo ulikuwa wazi tangu Jumatano, na daftari unalo wewe."

Kila mtu alinitazama. Kama ni Mungu, majembe yanabaki chini. Kama ni maji, majembe yanarudi kazini na binti anatolewa, lakini mtu atauliza zamu ilikuwa ya nani. Shemeji alisimama upande wa pili wa shimo. Hakunikonyeza wala kunitisha. Alinitazama tu kama mtu anayesubiri kulipuliwa.

Maelezo yote nilikuwa nayo mdomoni. Udongo wa majivu ya volkano hunywa maji mpaka unakuwa mzito kuliko unavyoweza kujishikilia. Mvua ikinyesha siku tatu na mfongo ukafurika juu ya ukingo mkali, ukingo utashuka, awepo Kora au asiwepo. Dakika moja ingetosha.

"Mama," nilisema, "mimi ni wa upepo na gesi. Hili linanishinda. Hili naona ni mkono wa Mungu."

Katekista aliteremka akaniwekea kiganja kichwani, kwa furaha, kama mtu aliyempata kondoo. Niliinamisha kichwa ili kiganja kikae vizuri.

Mjane alisema, "Haya."

Alichimba peke yake siku nne. Wanawake walikatazwa kumsaidia, na wanaume tulikuwa tumejikataza wenyewe. Kila asubuhi alikuta mvua imelijaza shimo upya, akaanza upya, kwanza kwa jembe, mpini ulipovunjika kwa sufuria. Mama yangu alimpelekea uji. Siku ya tano mjane aliteremka barabarani na furushi kichwani. Kihamba kilishikwa na shemeji kabla ya mwezi kwisha, na jumuiya iliona ni haki, kwa kuwa hapakuwa na mtu.

Nilichana ukurasa wa wiki ile nikawashia jiko. Katekista alikuwa akinitaja kama mfano: hata Profesa, alisema, hata yeye. Baada ya Pasaka niliondoka.

Tangu hapo sijakaa mahali zaidi ya miaka miwili. Mererani, Kahama, Mwanza, tena Mererani, Tanga kidogo. Kila nilipokwenda niliikumbuka Kirua kama mtu aliyefukuzwa bustanini: ukungu wa asubuhi, harufu ya maganda ya kahawa, mlio wa mfongo nyuma ya nyumba. Hakuna aliyenifukuza. Kwenye machimbo nilisikia watu wakieleza mashimo yaliyobomoka kwa miiko iliyovunjwa, nikawaacha waeleze. Na nilikuwa na nadharia yangu ya siri ambayo niliibembeleza miaka mingi: kwamba ni yeye, kwa kuziba nusu mdomo, aliyeyalazimisha maji kupita pabaya. Ilikuwa nadharia ya kisayansi kabisa, na ningeipenda iwe kweli. Lakini mfongo ulikuwa unafurika juu ya nyumba yake kabla hajachukua jembe.

Nilirudi Moshi Desemba moja, wakati Wachaga wote wanaporudi, miaka minane baadaye. Baba alikuwa amekufa mwaka uliotangulia na sikuwahi mazishi. Kabla ya kupanda nyumbani mtu aliniambia kwamba mjane yuko Soweto, anawauzia mafundi ujenzi mtori, supu nzito ya ndizi, asubuhi. Nilimkuta kwenye kibanda cha mabati, mbele ya chumba alichopanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Alinitazama huku akikoroga. "Profesa. Umekonda. Kaa hapo, kuna bakuli moja limebaki."

Nilikula. Aliuliza nimeoa, nikasema hapana. Aliuliza mama hajambo, nikasema nasikia hajambo. Mafundi walipoondoka alifuta mikono akaleta Biblia iliyofunikwa kwa karatasi ya kalenda.

"Huyu Kora nimemsoma sana," alisema. "Sina kazi jioni. Ile sura ya kumi na sita katekista aliisoma vizuri, sikatai. Lakini hakuendelea. Sura kumi mbele wanamtaja tena, na wanasema watoto wake hawakufa. Wewe ulilijua hilo?"

"Hapana."

"Watoto wa Kora hawakufa. Wangu alikufa. Kwa hiyo mimi siye Kora." Alifunga kitabu. "Basi nikawa najiuliza, pale kijijini Kora alikuwa nani. Zamu ilikuwa ya nani?"

Miaka minane nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo kwa majibu ya kila aina, na wakati huo sikuona hata moja. "Yangu," nilisema. "Mimi na shemeji yako."

Hakushtuka kama nilivyotarajia. Alikaa chini, taratibu. "Shemeji nilijua, ndiyo maana nilimfuata kilabuni. Wa pili nilidhani ni baba yako, kwa kuwa kihamba ni chake. Nilidhani ulinyamaza kumfichia mzazi, nikasema moyoni, ni mtoto mwema, nimsamehe." Akatazama bakuli langu. "Baba yako alipokufa walinipelekea habari. Sikwenda kumzika. Nilikaa hapa siku nzima nikisema, na alale alivyomlaza wangu."

Niliweka bakuli chini.

"Ulianza kuchimba," aliniambia. "Nenda ukamalizie."

Kesho yake nilipanda. Pale palipoteremka shemeji alikuwa amepanda migomba, safi, iliyopogolewa vizuri, na majani ya ng'ombe pembezoni. Mfongo ulikuwa umekauka, watu walikuwa na bomba. Shemeji alikuwa amenenepa.

"Karibu, mangi," alisema. "Umekuja Krismasi?"

Nilimwambia nimekuja kumtafuta binti. Alinitazama, kisha akaelekeza kwa panga bila kuinua sauti. "Yuko pale. Mgomba wa tatu. Nilimkuta nikichimba shimo la mgomba, futi nne hivi. Nikamrudisha nikaupanda juu yake."

"Lini?"

"Mwaka wa pili."

"Na hukumwambia mtu?"

"Nimwambie nini? Kwamba ardhi iliyofungwa na Mungu nimeifungua kwa sururu?" Alicheka kidogo, bila raha. "Mimi nilikuwa mlevi wa kijijini, bwana. Siku ile nilikuwa tayari kusema. Nilikuwa nakungoja wewe uanze. Ukasema mkono wa Mungu, nami nikaamini, maana msomi ulikuwa wewe."

Mgomba ulikuwa na mkungu mkubwa, umetegewa mti usianguke. Alitaka kunikatia ndizi, chana moja, nimpelekee mama yangu. Nilikataa, na hilo ndilo jambo pekee nililowahi kulikataa mbele ya mtu pale ukingoni.

Nilirudi Soweto jioni ileile bila kufika nyumbani. Mjane alikuwa anaosha sufuria. Nilimweleza yote, pamoja na mgomba, kwa kuwa nilikuwa nimeamua kutoficha tena. Alisikiliza bila kuacha kusugua.

"Futi ngapi?"

"Nne."

"Na Jumapili ile mlikuwa mmefika wapi?"

"Kiunoni."

"Kiuno cha nani?"

"Changu."

Alisimama, akanifanya nisimame. Alipiga shibiri kutoka chini, kwenye mguu wangu, goti, paja, kwa mkono wenye maji, akafika kwenye mkanda. Kisha akaendelea mpaka alipoona futi nne zimetimia. Kutoka mkandani hadi hapo ilikuwa shibiri moja. Kiganja chake kilibaki mbavuni mwangu, kimefunguka, kidole gumba kwenye mkanda.

Nilitaka kumwambia kwamba udongo ulioteremka hushuka na kujibana miaka ikipita, na kwamba futi nne alizochimba shemeji hazikuwa futi nne za Jumapili ile, na kwamba hesabu hiyo haiwezi kufanywa hivyo. Ilikuwa jiografia sahihi. Safari hii nilinyamaza.

"Gari la kwanza la Kirua linaondoka saa ngapi?" aliuliza.

"Saa kumi na mbili."

Alitoa mkono wake, akaingia ndani, akarudi na jembe. Mpini ulikuwa mpya.

"Tutangulie kupita kwa shemeji," alisema. "Umwambie asiukate ule mgomba. Nataka kuukata mwenyewe."